Waya wa Akiba

Kazi ya Bi Mto ilikuwa kushindana mbio na maji huku amekaa kitini. Hayo yalikuwa maneno ya baba yake, akiwaeleza majirani waliotaka kujua binti anafanya nini huko mjini mpaka mvi zinamwota mapema. Ofisini waliiita kazi ya kutabiri mafuriko, na jina la Bi Mto alibandikwa na wenzake kwa sababu mawingu yakijikusanya milimani, wa kwanza kununa alikuwa yeye.

Mbio zenyewe zilikwenda hivi. Asubuhi vituo vya juu vilimletea vipimo: mvua imenyesha kiasi gani, mto umepanda kiasi gani. Yeye akavilisha kwenye kompyuta. Kompyuta ikakaa inazitafuna hesabu, na kabla watu hawajainuka kwenda kula mchana ikatema ramani: maji yatapita hapa, pale hayatafika, saa fulani yatakuwa magotini, saa fulani kifuani. Mkuu wa ofisi akishatia sahihi, watu wa bondeni wanapigiwa simu. Maji nayo yakiondoka mlimani alfajiri hufika bondeni alasiri. Kwa hiyo ramani ilikuwa na nafasi nzuri ya kutangulia, na mpaka siku hiyo haikuwa imetanguliwa hata mara moja.

Siku hiyo mvua ya mlimani ilikuwa imenyesha usiku kucha kama inayolipa kisasi. Bi Mto alikuwa amekwisha kuvilisha vipimo, hesabu imeanza, ndipo simu yake ikalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kitendawili."

"Baba, niko kazini."

"Na mimi niko kazini, nakaanga mayai. Kitendawili."

"Haya, tega."

"Mgeni wangu hana miguu. Akiingia yeye, natoka mimi."

"Maji," akajibu Bi Mto hapo hapo.

"Umekosa. Wewe siku hizi ukiulizwa jina lako utasema maji. Nipe mji."

"Nakupa huu ninaokaa mimi, pamoja na foleni zake zote."

"Huo haulaliki, lakini nitaupokea hivyo hivyo. Jibu nitakupa jioni." Mchezo ukamtoka sautini. "Mto umegeuka rangi, mama. Mashine yako inasemaje?"

Swali hilo halikuwa la mazungumzo. Wazazi wa Bi Mto walikaa bondeni, nyumba yao mgongo umeelekea mtoni na uso barabarani. Mama yake alikuwa kitandani. Kiharusi kilimpiga, upande mmoja wa mwili ukalala, na maneno yakamwisha mdomoni yakabaki machache tu ya kuombea: maji, njaa, baridi, njoo. Msimu uliopita gari la vipaza sauti lilipita likiwapigia watu kelele wahame, wahame. Mzee akambeba mkewe kwenye pikapu ya jirani, mama analia njia nzima, wakaenda kulala kwenye sakafu ya darasa. Maji hayakufika hata kwenye matuta ya maharage. Walichorudi nacho ni kidonda cha mgongoni, kidonda kilichokaa miezi kimekataa kufunga, na mzee ndiye aliyekuwa akikisafisha kila asubuhi huku mkewe amemng'ang'ania mkono kwa vidole vile vitano vilivyobaki na nguvu. Tangu hapo aliapa. Hatamwinua tena kwa kelele za mtu. Mashine ya binti yake ikisema, atambeba. Isiposema, watakaa.

"Inapiga hesabu, baba. Nitakupigia kabla ya chakula cha mchana."

"Jirani yetu muuza matofali yupo hapa na pikapu yake. Amesema atanisubiri, lakini mchana lazima aondoke, ana mzigo wa watu. Akiondoka yeye hakuna gari lingine, na mimi mgongo wa kumbeba mtu sina."

"Nitawahi."

"Najua. Ndiyo maana nimewasha jiko badala ya kufunga mizigo."

Bi Mto akaweka simu mezani akaitazama skrini. Mstari wa kijani unaoonyesha hesabu imefika wapi ulikuwa umesogea upana wa ukucha. Akaenda kuchemsha chai, akarudi. Ukucha na nusu.

Akavuta kiti.

Zamani kompyuta ya mto ilikuwa kisanduku chini ya meza yake, kinampuliza joto miguuni, na kikichoka aliisikia feni yake ikikohoa. Kisha ikaja amri kwamba kompyuta za idara zote zihamie kwenye mashine moja kubwa iliyo kwenye chumba cha chini, upande wa pili wa jengo. Ndani ya chuma hicho kimoja wakapangishwa wengi: kompyuta ya mishahara, ya barua, ya viwanja, na hii ya mto. Hazikuwa kompyuta za kushikika. Zilikuwa za hewa, na kila moja ilijiona iko peke yake duniani, ina prosesa yake ya kupigia hesabu, ina diski yake. Kumbe kila moja imekatiwa kipande tu na programu iliyolala chini yao wote, ambayo mafundi waliiita msimamizi. Mpangaji hamwoni msimamizi. Akiuliza jambo, msimamizi ndiye anayejibu, na jibu ni lile ambalo msimamizi ameona linamtosha.

Siku walipohamishwa Bi Mto alimtegea baba yake: nyumba yangu ina wapangaji wengi, kila mmoja anaapa anaishi peke yake. Mzee alihangaika nacho tangu mchana mpaka jua linazama, akasema kaburi, akasema kichuguu, akasema mzinga wa nyuki, mwisho akatoa mji kwa hasira.

Sasa Bi Mto akaanza kutafuta. Labda kuna programu nyingine imejipachika inamlia chakula chake. Hakuna. Prosesa ilikuwa yake yote na ilikuwa inafanya kazi ya mto tu. Labda wapangaji wenzake wanamkata zamu. Akatazama kipimo cha zamu zilizoibwa: sifuri, hakuna anayemwibia. Basi labda prosesa yenyewe imepunguza mwendo, maana prosesa nayo ni kama mtu, ina kutembea na ina kukimbia. Akaiuliza: unakwenda mwendo gani? Ikamjibu bila kusita: gigahazi mbili nukta sita. Huo ndio mwendo ulioandikwa kwenye karatasi za kununulia. Hauzidi, haupungui, kila akiuliza ni mbili nukta sita, kama mtoto aliyefundishwa kusema hajambo hata akiwa na homa.

Akajaribu kuipandisha. Kompyuta ikamwambia hapa hakuna kitu cha kurekebishia mwendo. Hakijaharibika, hakipo kabisa. Bi Mto akajiona kama mtu aliyepewa usukani wa kuchezea watoto. Anaukata kulia na kushoto, gari linaendeshwa na mwingine.

Ila alikuwa na jambo moja la zamani. Ilikuwa hesabu ndogo aliyoizoea tangu enzi za kisanduku, ambayo ukiianzisha unakoroga sukari kwenye kikombe, unapuliza, unakunywa funda la kwanza, imekwisha. Akaianzisha. Saa ya kompyuta hakuiamini, maana hiyo nayo huletewa na msimamizi, akatumia saa ya mkononi. Akakoroga, akapuliza, akanywa funda, akanywa kikombe chote, akakisuuza. Ndipo ikaisha.

Akapiga simu chumba cha chini.

Fundi wa mashine kubwa waliyempa jina la Mwenye Nyumba alikuwa mtu mpole, mcheshi, mwenye tumbo la kutangulia na kicheko cha kulifuata. Hakuwa mbaya hata kidogo. Lakini wapangaji walikuwa wamemchosha kwa malalamiko, akajitungia kanuni.

"Mpangaji wangu wa ghorofani," akasema. "Umeamkaje?"

"Salama kaka, ila mashine yangu inatambaa."

"Wote mnasema hivyo. Wa mishahara juzi alinililia mashine imekufa, kufika kumbe amekalia kibodi."

"Sitanii. Mwendo wa prosesa umeshuka."

"Umeiuliza?"

"Nimeiuliza. Inasema mbili nukta sita."

"Sasa mwenye mwili anasema mzima, wewe ni nani umlaze kitandani?"

"Inasema ulichoifundisha iseme, kaka. Nimeipima kwa saa ya mkono. Kazi ya funda moja imekula kikombe kizima."

"Dada yangu, kanuni unaijua. Lalamiko lije na picha ya skrini, mashine yenyewe ikikiri. Vikombe vya chai siwezi kuviambatanisha."

"Picha itaonyesha mbili nukta sita."

"Basi hakuna lalamiko." Kisha akamwonea huruma. "Hebu ngoja nitazame upande wangu." Bi Mto akasikia vidole vikigonga. "Msimamizi nimemwamrisha mwendo wa juu kabisa, na amri ipo vile vile, haijaguswa. Kwangu kila kitu ni kijani."

"Na chini ya msimamizi kuna nani?"

"Chini ya msimamizi kuna chuma, dada. Chuma hakina la kusema."

Bi Mto akakata simu akatazama mstari. Haukuwa umefika hata robo. Akapiga hesabu yake mwenyewe kichwani, ya kidole na kidole, na jibu likawa hili: kwa mwendo ule ramani ingetoka usiku, na maji yangekuwa yameshafika, yamekunywa chai, yameondoka.

Simu ikalia tena.

"Mama, muuza matofali ameanza kutazama jua."

"Mwambie anivumilie kidogo, baba."

"Imesemaje?"

"Bado haijasema."

Nyuma ya sauti ya mzee Bi Mto akamsikia mama yake. "Njoo," alisema mama, na mzee akaitika nakuja, nakuja, kama anavyoitika siku zote, hata akiwa ameketi pembeni yake.

Bi Mto akashuka ngazi karibu akimbie. Akapita ukumbi wa mapokezi, akapita mlango wa masijala ambako karani alikuwa anakula embe kwa kisu akamkaribisha, akakata kona ya pili na kusukuma mlango wa chuma.

Joto lilimpiga usoni kama aliyefungua tanuri. Kiyoyozi ukutani kilikuwa kimekufa, mdomo wazi, ndoo chini yake. Mwenye Nyumba alikuwa amekaa na fulana ya ndani, shati ametundika kwenye msumari. Mbele ya ile mashine kubwa alikuwa amesimamisha feni ndefu ya miguu, inageuka huku na huku kama bibi harusi anayesalimia wageni.

"Karibu jikoni," akasema. "Kiyoyozi kimekata roho wiki iliyopita, na fundi wake kila siku yuko njiani. Lakini usiogope, sikuiacha mashine ife na joto. Feni hiyo nimeileta asubuhi hii kutoka kwangu. Mke wangu hanisemeshi."

Bi Mto alikuwa anatazama taa ndogo usoni pa mashine. Siku zote aliijua kuwa ya kijani. Leo ilikuwa na rangi ya chungwa bivu.

"Taa hiyo ina nini?"

"Hiyo inalalamikia joto tu. Nayo ni mpangaji."

Bi Mto akaufuata waya wa feni kwa macho. Ulishuka sakafuni, ukazunguka nyuma ya mashine, naye akauzunguka nao. Huko nyuma ukutani kulikuwa na soketi nyingi, karibu zote zimeungua zina midomo myeusi. Nzima zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na waya mnene wa mashine. Nyingine ilikuwa na waya wa feni. Na kando, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi kama nywele za mtoto wa shule, ulining'inia waya mwingine mnene uliotoka kwenye mashine na haukuchomekwa popote.

"Kaka. Huu ni waya wa nini?"

"Huo wa akiba. Mashine ina njia mbili za umeme. Moja ikikatika nyingine inabeba, ndivyo ilivyotengenezwa. Nikaona mbona hii ya pili imekaa bure, mashine inachemka, mimi nina feni sina pa kuichomeka. Nikaihurumia." Alikuwa bado anatabasamu. Kisha tabasamu likaanza kumtoka polepole, toka machoni kwanza. "Nikaichomoa..."

Wakatazamana. Hapakuwa na haja ya mmoja kumfundisha mwenzake. Mashine kama ile ikibakiwa na njia moja ya umeme huingiwa na woga, isije ikauzidi uwezo waya uliobaki, ikazima na wapangaji wote ndani. Inajibana yenyewe, inaacha kukimbia, inatembea. Haimwombi ruhusa msimamizi wala haimwambii. Msimamizi anabaki anaamini amri yake inatiiwa, anawaambia wapangaji mbili nukta sita, na wapangaji wanawaambia watu. Ngazi nzima ya waongo, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya.

"Mimi ndiye niliyeifunga miguu," akasema Mwenye Nyumba. Akachuchumaa, akachomoa feni, akaufungua ule uzi, akachomeka waya. Taa ikarudi kijani. Akakimbilia kwenye skrini yake, akafungua dirisha la kompyuta ya mto, na mstari ulioganda asubuhi nzima ukaanza kutembea. Ukatembea kweli. Bi Mto alihisi pumzi ikimrudia.

Haikumrudia kwa muda mrefu. Feni ilikuwa imezimika, na chumba kilikuwa tanuri. Feni ndogo za ndani ya mashine zikaanza kulia, kwanza kama nzi, halafu kama kundi la nyuki. Mashine ikichemka nayo hupunguza mwendo. Ikichemka zaidi, hujizima.

"Ekstensheni," akasema Bi Mto. "Umeme wa nje huko ukumbini."

"Iko stoo. Mwenye stoo ameenda msibani na ufunguo mfukoni."

"Ofisi nyingine?"

"Subiri." Mwenye Nyumba akatoka na fulana yake, tumbo mbele, akarudi mikono mitupu anahema. Masijala wanayo fupi, haivuki hata kizingiti. Uhasibu wamefunga wameenda kula. Wakafungua milango yote miwili, wakaizuia kwa viti. Wakapasua boksi la karatasi, kila mmoja akachukua kipande, wakasimama mbele ya mashine ya serikali wakaipepea kama watu wanaochochea mkaa.

Karani wa masijala akaja kuchungulia, kisu cha embe mkononi. "Nyama itaiva saa ngapi?" akauliza. Hakuna aliyecheka, akaondoka.

Mstari ulifika nusu. Ukaanza tena kuchoka. Jasho lilimtiririka Bi Mto mpaka viatuni, mkono umekufa ganzi, na kila alipougeuza upepo ule ulimrudia usoni ukiwa na moto zaidi. Hivyo ndivyo alivyokuwa simu ilipolia.

"Mama." Nyuma yake injini ya pikapu ilikuwa inanguruma. "Jirani anaondoka. Hasubiri tena. Mashine imesema?"

Bi Mto akatazama skrini. Nusu na vidole viwili. Kanuni ya ofisi ilikuwa hakuna neno linalotoka kabla ramani haijatiwa sahihi, lakini si kanuni iliyomshika ulimi. Alimwona mama yake anainuliwa, analia. Akamwona mama yake kitandani na maji yanaingia chini ya mlango, na mzee mwenye mgongo mbovu akiitika nakuja, nakuja. Katika hayo mawili, moja lilikuwa linaumiza na moja linaua. Ndivyo alivyoona wakati ule, na hata ungekuwa wewe ungeona hivyo.

"Imesema, baba. Hameni."

"Imesema yenyewe?"

"Imesema."

Bi Mto akamsikia mzee akimwambia jirani afungue pikapu nyuma.

"Haya," akasema. "Mama yako atalia."

"Mshike mkono."

"Nimeushika tangu asubuhi."

Bi Mto akairudisha simu mfukoni, akaokota kipande chake cha boksi. Mwenye Nyumba alikuwa ameacha kupepea, anamtazama.

"Imesema?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Bado."

Mwenye Nyumba akaanza tena kupepea, kwa nguvu kuliko mwanzo, uso ameugeuzia mashine.

Ramani ilitoka alasiri. Bi Mto alipanda nayo juu, akaifungua kwenye skrini yake kubwa, akatafuta bondeni, akatafuta nyumba. Palikuwa peupe, rangi ya pakavu. Akadhani amekosea, akavuta karibu. Nyumba ya wazazi wake, nyeupe. Matuta ya maharage, meupe. Tuta jipya la kuzuia maji walilojenga ng'ambo ya mto mwaka ule lilikuwa limeyasukuma maji yakatafuta njia nyingine. Hayakuja tena kwa upande wa mto kama alivyoyajua tangu utoto. Yalizunguka nyuma, yakaishukia barabara kwenye daraja la chini, karibu na tanuri za matofali. Hapo rangi ya buluu ilikuwa nzito. Kifuani, ilisema ramani. Akasoma saa iliyoandikwa pembeni, akainua macho kutazama saa ya ukutani.

Ilikuwa ni saa hiyo hiyo, na barabara ile ndiyo aliyowapitisha wazazi wake. Nyingine ya kutokea nyumbani kwao haikuwepo.

Akapiga simu ya baba yake. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita. Mara ya tatu yule mwanamke wa kwenye mtambo akamwambia kwa upole simu anayopiga haipatikani, na akamwomba ajaribu baadaye, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuwa na mama.

Mkuu wa ofisi akatia sahihi. Simu zikapigwa bondeni, na waliopigiwa wakajibu maji wanayaona, asanteni. Mkuu akapita mezani kwa Bi Mto akamsifu kwa kugundua tatizo la mwendo, akasema hilo liandikwe ili lisirudie. Bi Mto akasema ndiyo. Alikuwa na kila kitu mbele yake. Alijua maji ya darajani yatapanda mpaka wapi, yatakaa muda gani, yataanza kushuka lini. Alijua kama mungu mdogo aliyefungwa mikono. Akakaa anaitazama buluu ikikua na kupungua, na kila baada ya muda alimpigia yule mwanamke wa kwenye mtambo.

Jua lilikuwa limeshaegemea madirisha ya jengo la pili ilipoingia simu ya namba ngeni.

"Shikamoo," akasema Bi Mto, kabla hajajua ni nani.

"Marahaba mama."

Akajishika kwenye meza.

"Kumpakia mama yako kumetuchelewesha, halafu pikapu imezimika katikati ya daraja," akasema mzee. Sauti yake ilikuwa kavu, kama anasoma. "Maji yamekuja yote pamoja. Tumempandisha mama yako juu ya paa la gari na godoro lake, mimi na jirani tumesimama ndani ya maji tumemshikilia huku na huku. Wachoma matofali ndio waliotutupia kamba. Tuko kwenye chumba cha mmoja wao. Simu yangu imekwenda na maji, dawa zimekwenda, godoro limekwenda. Yeye yupo."

"Yukoje, baba?"

"Anakohoa. Amelowa mpaka kwenye mifupa."

"Na nyumba?"

"Jirani wa juu amepita huko. Anasema pakavu. Kuku wamekaa mlangoni wanatungoja."

Ofisi ilikuwa imebaki na Bi Mto tu na mlio wa taa.

"Mashine ilisema tuhame?" akauliza mzee.

Hakukuwa na ukali ndani ya swali lile. Lingekuwa na ukali lingekuwa jepesi.

"Ilikuwa haijamaliza, baba. Nilisema mimi."

"Mm." Akavuta pumzi ndefu, na Bi Mto akasikia kwamba na yeye kifua chake kinakoroma. "Nilijua. Ulijibu haraka. Mashine yako haijawahi kujibu haraka. Nikajua, nikambeba."

"Nisamehe, baba."

"Kile kitendawili cha asubuhi," akasema mzee, kama hakusikia. "Jibu ni moshi. Akiingia yeye, natoka mimi. Nilikuwa nimeunguza mayai." Akakohoa. "Lakini nimekaa kwenye maji yale nikaona kuna jibu la pili, na hilo liliingia kwa simu." Hakulitaja. Wala Bi Mto hakuomba alitaje, na mji wa kutoa hakuwa nao.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mwenye Nyumba alikuwa amesimama kizingitini, amevaa shati lake sasa, begani amebeba ekstensheni ndefu ya manjano iliyokunjwa duara. Alifungua mdomo kusema ameipata. Akauona uso wa Bi Mto, akaiteremsha sakafuni polepole.

"Ngoja," akasema mzee kwenye simu. "Anataka simu. Nakuwekea sikioni kwake."

Kukawa na mikwaruzo, kisha pumzi, ile pumzi ya upande mmoja ambayo Bi Mto angeitambua katikati ya soko.

"Mama?" akasema. "Mama, ni mimi."

Pumzi ikaenda, ikarudi. Mama alikuwa anatafuta ndani ya yale maneno yake machache.

"Baridi," akasema.

Na Bi Mto, aliyeshinda mchana kutwa akitoka jasho kwa kupepea chuma, alikaa ameshika simu kwa mikono yote miwili, nguo zimemganda mgongoni, hana cha kumfunikia.